Rubani wa Ng'ambo ya Ziwa: Maisha na Kifo cha Aimé Behaeghe

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, Mama Kanisa hutualika kuwakumbuka marehemu wote, hata wale wasio na ndugu wa kuwawekea nia ya Misa. Mwaka huu tumeona vema tuwasimulie habari za kijana mmoja aliyekufa mbali na kwao, katika nchi iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile tulionalo tushukapo kutoka Ufipa kwenda Kasanga au Kirando.

Aimé Behaeghe alizaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Kachtem, upande wa magharibi wa Ubelgiji. Ndege zilikuwa kitu kipya duniani, na kuzirusha ilikuwa kazi ya watu wachache wenye moyo mgumu. Yeye alijifunza kazi hiyo kabla ya Vita Kuu. Vita ilipozuka mwaka 1914 na nchi yake kuvamiwa, aliitumikia kama rubani.

Wakati huo Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na koloni la Wajerumani. Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Meli hiyo ilipoanza kazi mwaka 1915, ikiwa na mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, hakuna chombo cha adui ziwani kilichoweza kuikabili. Basi Wabelgiji wakaomba ndege kwa Waingereza, nao wakapewa ndege nne zenye uwezo wa kuelea majini. Behaeghe alikuwa miongoni mwa marubani waliotumwa nazo mwanzoni mwa mwaka 1916.

Ndege hizo zilisafirishwa katika masanduku, kwa meli hadi mdomo wa Mto Kongo, kisha kwa reli na kwa vyombo vya mtoni. Panapotajwa safari kama hiyo, tusiwasahau wapagazi. Katika vita ile maelfu kwa maelfu ya Waafrika wa pande zote mbili walibebeshwa mizigo ya wenye silaha, na wengi wao walikufa njiani kwa njaa, uchovu na maradhi. Jina la rubani limehifadhiwa vitabuni, bali majina ya wengi wa hao yanajulikana kwa Mungu peke yake.

Kwa kuwa mawimbi ya ziwa yalikuwa makali, ndege ziliwekwa katika maji yaliyotulia karibu na Mtoa, kaskazini ya mji uitwao leo Kalemie. Hapo, mwezi wa Mei 1916, Behaeghe aliruka angani, na tangu hapo anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza kurusha ndege katika Afrika ya Kati. Mwezi wa Juni, yeye na mwenzake Collignon, aliyekaa naye ndegeni kama mwangalizi, walivuka maji takriban kilomita 100 na kuidondoshea mabomu bandari ya Kigoma na meli iliyokuwamo. Mwezi huohuo Waingereza waliiteka Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg wakati huo. Vita ilikuwa imefika mlangoni petu.

Wanahewa hao walidhani wameipiga ile meli. Lakini haikuzamishwa na mabomu yao, na mizinga yake ilikuwa imekwisha kuondolewa ili itumike nchi kavu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nyingi isiharibike. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

Behaeghe hakurudi Kachtem. Risasi hazikumpata, wala ziwa halikummeza. Maradhi ndiyo yaliyommaliza. Alifariki huko Niemba, bara ya Kalemie, tarehe 3 Desemba 1916, akiwa na umri wa miaka 26.

Kwetu upande huu, Mhashamu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza Kanisa la Tanganyika kutoka Karema, alifariki mwaka 1917, vita ikiwa bado haijaisha. Mwaka huohuo Baba Mtakatifu Benedikto XV aliwaandikia wakuu wa mataifa yaliyopigana akiwasihi watafute amani ya haki. Hawakumsikiliza.

Na ile meli? Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi imewachukua wazee wetu, samaki wao, magunia yao na watoto wao, kutoka Kigoma kupitia Kirando, Kipili na Kasanga. Chombo ambacho kijana mmoja alitumwa kukiangamiza kimekuwa riziki ya watu ambao yeye hakupata kuwafahamu.

Wapendwa, hatusimulii haya ili tuisifu vita. Mtaguso wa Pili wa Vatikano umefundisha wazi kwamba kuiteketeza miji pamoja na wakazi wake ni kosa dhidi ya Mungu na dhidi ya mwanadamu. Tunasimulia kwa sababu sala kwa ajili ya marehemu haina mpaka. Yuda Mmakabayo, tunayesoma habari zake katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, aliwaombea askari wake waliokufa hali ya kuwa anajua walikuwa na dhambi. Sisi nasi tumwombee Aimé, pamoja na waliokuwa Kigoma chini ya mabomu yake, pamoja na wapagazi wasio na kaburi linalojulikana. Katika jumuiya zetu ndogondogo wiki hii, baada ya kuwataja marehemu wa ukoo, tuongeze nia moja kwa ajili ya wote waliokufa kwa vita kandokando ya ziwa letu. Mwenyezi Mungu awajalie raha ya milele.