Doug Harvey: Beki Aliyepambana na Wenye Timu

Wengi wetu tukisikia mpira wa magongo tunawaza ule wa kwenye nyasi. Kanada wanacheza juu ya barafu, na huko hajatokea beki wa kuchezewa kama Doug Harvey. Alizaliwa Montreal mwaka 1924. Akiwa na Montreal Canadiens alibeba Kombe la Stanley mara 6, tano kati ya hizo mfululizo, 1956 hadi 1960. Hakuwa na papara. Akitaka mchezo upoe unapoa, akitaka uchangamke unachangamka.

Lakini ufalme wake uliishia uwanjani. Ligi yao, NHL, ilikuwa na timu 6 tu. Familia ya Norris ilimiliki Detroit, na mkono wake ulifika hadi Chicago na New York. Mkataba ulimfunga mchezaji kwenye timu moja mpaka wenye timu waamue kumuuza. Sasa ukigoma, unakwenda wapi? Hata mfuko wa pensheni wachezaji walichangia, ila hesabu zake hawakuonyeshwa.

Mwaka 1957 Ted Lindsay wa Detroit, hasimu mkubwa wa Canadiens, aliongoza kuanzisha chama cha wachezaji. Harvey akaingia kwenye uongozi. Yaani watu waliokuwa wakipigana vikumbo usiku wa mechi wakakaa meza moja!

Matajiri hawakuchelewa. Mwaka huohuo Lindsay aliuzwa Chicago, timu iliyokuwa imeshika mkia. Wachezaji wa Detroit wakajitoa. Mwaka 1958 wenye timu walikubali mambo machache, ikiwemo mshahara usiopungua dola 7,000 kwa mwaka, na chama kikafa.

Harvey alikuwa bora mno kufukuzwa haraka. Ila mwaka 1961 naye akapelekwa New York Rangers, na mwenyewe aliamini sababu ni kile chama. Huko akawa kocha na mchezaji kwa pamoja, akachukua tena tuzo ya beki bora, ya 7 kwake. Tuzo hiyo inaitwa James Norris, jina la tajiri wa Detroit!

Chama kilichodumu kilizaliwa 1967, Harvey akiwa na miaka 42. Mwaka 1973 walipomwingiza kwenye Jumba la Magwiji, hakuhudhuria sherehe. Pombe ilimtesa mpaka kifo chake mwaka 1989.

Basi, wanachuo wenzangu, tunapomcheka kiongozi wa wafanyakazi aliyehamishwa, tujiulize kwanza nani atakula matunda ya alichodai.