Charles Joseph Minard, Mchoraji wa Safari za Watu

Katika somo la jiografia mwalimu wetu alitundika ubaoni nakala ya ramani moja ya Kifaransa. Mimi nilidhani naona mto, lakini mto wa ajabu, maana ulianza mpana ukaishia mwembamba kama uzi. Kumbe lilikuwa jeshi! Basi nikatafuta habari za aliyeichora.

Charles Joseph Minard alizaliwa mwaka 1781 mjini Dijon, Ufaransa. Alisomea uinjinia Paris, kisha akafanya kazi ya mifereji, madaraja na bandari miaka mingi. Wakati wa vita vya Napoleon alikuwako Antwerp mji huo ulipozingirwa na adui, kwa hiyo vita alivijua kwa macho.

Mwaka 1845 watu walibishana juu ya mahali pa kupitisha reli kati ya Dijon na Mulhouse. Minard alichukua hesabu ya abiria wa magari ya farasi katika kila kipande cha barabara, toka mji hadi mji, akachora kila kipande kwa upana uliolingana na abiria wake. Penye wengi mstari ulinenepa, penye wachache ulikonda. Safari za maelfu ya watu zikaonekana kwa mara moja, hata kwa mtu asiyependa hesabu (nao ni wengi hapa shuleni).

Alistaafu mwaka 1851, na baada ya hapo ndipo alipozidi kuchora: makaa ya mawe, pamba, hata watu waliohamia ng'ambo.

Ramani ile ya jeshi aliitoa mwaka 1869, naye ana miaka 88. Inaonyesha Napoleon alivyoingia Urusi mwaka 1812; milimita moja ya upana ni watu 10,000. Mto Niemen walivuka 422,000, Moscow wakafika 100,000, na waliorudi Niemen ni 10,000. Darasani tulikuwa tukisema kwamba baridi ndiyo iliyowamaliza. Mimi nilizitazama namba zilizoandikwa kando ya mstari, nikatoa. Hata ukiwaondoa 82,000 waliotumwa pembeni, watu 240,000 walikuwa wamekwisha kupungua kabla ya Moscow, nao walifika huko Septemba, baridi kali haijaanza. Nikamwonyesha mwalimu, naye akatoa mwenyewe mara mbili.

Mwaka 1870 majeshi ya Prussia yalipoikaribia Paris, mzee huyu alikimbilia Bordeaux. Aliacha vitabu vyake, akachukua mzigo mwepesi na kazi alizokuwa hajazimaliza. Alifariki huko baada ya majuma sita.