Mtoto Aliyeandika Juu ya Mifupa: Maisha ya Imamu Shafi

Sisi watu wa mwambao tukiulizwa madhehebu yetu hujibu mara moja kuwa ni ya Imamu Shafi. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wazee wetu wako juu ya madhehebu yaya haya. Lakini mtu akituuliza khabari za mwenye madhehebu, kazaliwa wapi, kalelewa na nani, kasoma vipi, wengi wetu hunyamaza. Jina tunalo, mwenye jina hatumjui. Tumeonelea basi tuandike machache ya maisha yake, na khasa ya utoto wake, kwani kila mara tunawasikia watu wazima wakitoa udhuru kuwa wakati wao wa kusoma umekwisha pita, na kwamba ilimu ni ya watoto. Hapo wamesema kweli bila ya kukusudia, kwa kuwa watoto ndio wajuao namna ya kuiendea.

Imamu wetu ni Muhammad bin Idris, Mkureshi wa ukoo wa Muttalib, na nasaba yake hukutana na ya Mtume (s.a.w.) kwa Abdi Manaf. Alizaliwa Ghaza, katika nchi ya Sham, mwaka 150 wa Hijra (767), mwaka ule ule aliokufa Imamu Abu Hanifa. Babake alifariki yeye angali mchanga. Mamake, mjane asiyekuwa na mali, alikhofu nasaba ya mwanawe isije ikapotea ugenini, akamchukua akiwa na umri wa kiasi ya miaka miwili, akakata naye majangwa mpaka Makka walipo jamaa za babake. Tungependa wasomaji wetu wamfikirie kidogo mwanamke huyu, kwani vitabu vimemtaja kwa maneno machache, na haki yake ni zaidi ya hayo.

Makka akamtia chuoni, na ada ya mwalimu hana. Mwalimu, kama walimu wengi wenye watoto wa kula nyumbani, hakumshughulikia sana mtoto asiyelipiwa. Basi yule mtoto akawa hukaa kando akisikiliza wanavyosomeshwa wenziwe, na kila alichokisikia akakishika. Mwalimu akiondoka, yeye huinuka akawasomesha wale wenzake masomo yale yale. Mwalimu akatazama akaona kuwa faida anayoipata kwa mtoto huyu ni kubwa kuliko ada, akaacha kumdai. Imepokewa kuwa alikhitimu kuhifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba, na Muwatta ya Imamu Malik akiwa na miaka kumi.

Akatoka chuoni akaingia msikitini kukaa na wanazuoni, akisikia Hadithi na masuala ya dini. Karatasi ilikuwa ghali, na mamake hakuwa na cha kumnunulia. Mtoto akawa huokota mifupa mipana ya wanyama akaandika juu yake, na mfupa ukijaa huutia katika mtungi wa zamani uliokuwa nyumbani kwao. Tena alikuwa akienda katika afisi za serikali kuomba karatasi zilizokwisha tumika, ili aandike upande wa nyuma.

Tuwatazame watoto wetu wenyewe, tutamwona mtoto huyu. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara ishirini kwa siku moja, na hahesabu. Akikosea kusoma mbele ya wenziwe hulia kidogo, kisha kesho akarudi. Hajajua bado kuona haya kwa kutojua. Ama mtu mzima, akikosea harufi moja mbele ya watu husema kuwa ulimi wake umekwisha kuwa mzito. Akikosa kitabu huacha darsa wiki mbili, ilhali kahawa ya barazani haijamkosa hata jioni moja.

Baadaye kijana alikwenda jangwani kwa Wahudhaili, waliosifika kwa ufasaha wa Kiarabu, akajifunza kwao lugha na mashairi, na akajizoeza kutupa mshale mpaka akawa katika mishale kumi hakosi hata mmoja. Kisha akarejea Makka kusoma fiqhi kwa Muslim bin Khalid, mufti wa mji, aliyekuwa na lakabu ya Zanji, neno lile lile ambalo Waarabu wakiitia pwani yetu, ijapokuwa vitabu vimekhitilafiana kwa nini akaitwa hivyo. Mufti huyu alimruhusu kutoa fatwa naye, kwa riwaya mashuhuri, ni wa miaka kumi na tano tu. Mwengine angalitosheka hapo akavaa joho. Yeye alifunga safari ya Madina, akakaa chini mbele ya Imamu Malik na kumsomea Muwatta aliyokwisha kuihifadhi.

Malik alifariki mwaka 179 (795). Imamu Shafi akapata kazi Yemen, na huko akazuliwa kuwa yu pamoja na waliokuwa wakipinga serikali. Mwaka 184 (800) akapelekwa kwa Khalifa Harun Rashid kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo, akasalimika. Akatumia fursa hiyo kusoma kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Mwaka 195 alirudi Baghdad yeye mwenyewe akiwa ni mwalimu mkubwa.

Kiasi cha mwaka 199 alihamia Misri, na umri wake unakaribia miaka khamsini. Hapo alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi. Watoto wetu wa chuo walikuwa wakiandika ubao, wakiuhifadhi huufuta wakaandika upya. Naye alivirudia vitabu vyake, akayaacha mengi aliyoyasema Iraq alipoona dalili iliyo na nguvu zaidi. Msomaji wa Minhaji hukutana kila mara na kauli ya zamani na kauli mpya, na asili yake ni hiyo. Kazi hii aliifanya kwa miaka michache, akisumbuliwa na ugonjwa wa bawasiri uliomtoa damu nyingi, mpaka alipofariki siku ya mwisho ya Rajab mwaka 204 (820). Kaburi lake liko Qarafa, mjini Cairo.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa Misri alikuwamo Rabii bin Sulaiman Muradi, mwadhini wa Msikiti wa Amr bin Aas, mtu wa miaka ishirini na kitu na mzito wa kufahamu. Imepokewa kuwa suala moja Imamu alimrudilia mara arubaini asilifahamu, hata akaona haya akaondoka kitakoni. Imamu akamwita faraghani akaendelea kumrudilia mpaka likamwingia. Rabii aliishi mpaka mwaka 270 (884), watu wakimjia kutoka nchi za mbali kusikia vitabu vya mwalimu wake, na kitabu cha Umm kilichomo mikononi mwetu leo kimepokewa kwake.