Annalena Tonelli: Imani Iliyokaa Jangwani

 Hapa kwetu Diff Waislamu ndio wengi. Sisi Wakristo ni wachache. Mwaka huu nimeonelea niwaandikie habari za mtu ambaye jina lake bado lakumbukwa Wajir, ingawa aliaga dunia mwaka 2003. Huyu si mwingine ila Annalena Tonelli.

Kwanza niseme kwa nini nimemchagua. Baba yangu ni mwalimu kutoka bara. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, walimu wengi wasio wenyeji walihama eneo hili. Mama naye alikuwa amefunga mizigo, lakini baba akakataa kuondoka. Tukabaki. Ibada yetu ya Jumapili ikawa ya watu watano sebuleni, hakuna kasisi, hakuna kwaya. Nilipokua nikaanza kulegea. Nilijiuliza kama Mungu anaijua Diff kweli. Siku moja jirani yetu mzee, ambaye sisi watoto humwita awowe, alinisikia nikinung'unika. Yeye ni Mwislamu safi. Kumbe ujanani aliugua TB, na aliyemtibu ni Annalena! Ndipo akanisimulia.

Annalena alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, Italia. Alisomea sheria, lakini hakutafuta mali. Kwa miaka sita aliwahudumia maskini wa mji wake. Mwaka 1969 alikuja Kenya akafundisha sehemu za Nyeri, kisha akahamia Wajir kama mwalimu. Hakuwa mtawa wala daktari. Alikuwa Mkristo wa kawaida aliyeamua kuishi na maskini.

Wakati huo TB iliwamaliza wafugaji. Dawa ilitakiwa kumezwa kwa muda mrefu, na mtu wa ngamia hakai mahali pamoja. Akipata nafuu kidogo anahama, na ugonjwa unarudi. Mwaka 1976 Annalena alipewa kusimamia mradi wa Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa walijenga herio zao katika manyatta moja mjini Wajir, wakakaa miezi sita, wakimeza dawa kila siku mbele ya mhudumu. Walipona! Njia hiyo ya kumwangalia mgonjwa akimeza dawa baadaye ilienea katika nchi nyingi.

Februari 1984 ulikuja msiba wa Wagalla. Askari walikusanya wanaume kwenye uwanja wa ndege, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja 57, lakini manusura huhesabu mamia. Annalena hakujificha. Alitafuta majeruhi porini, akasaidia kuzika maiti, na akafanya habari zijulikane ulimwenguni. Kwa ajili hiyo alilazimika kuondoka Kenya. Je, alikata tamaa? La hasha! Alivuka akaenda Somalia, akahudumu wakati wa vita, na mwaka 1996 akafika Borama. Huko alijenga hospitali ya TB na kuanzisha shule ya watoto viziwi. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi katika hospitali yake. Majivu yake yalirudishwa Wajir.

Sasa, wenzangu, imani yake ilidumu vipi zaidi ya miaka thelathini pasipo kanisa kubwa karibu? Mimi nimeona mambo matatu. La kwanza, alitenga wakati wa sala na kimya kila siku, hata kazi iwe nyingi namna gani. Pale Wajir yeye na wenzake walikuwa na mahali maalum pa kusali. La pili, imani yake ilikuwa na mikono: asiyeona maana ya sala na akamhudumie mgonjwa, ataiona. La tatu, hakuwadharau majirani wa dini nyingine. Alijifunza kwao, kwa maana mfugaji huacha kila kitu saa ya swala ikifika, hata awe katikati ya safari.

Hili la tatu ndilo lililonigusa. Siku hizi adhana ya alfajiri ikisikika, awowe huenda msikitini, nami huamka nikasali kitandani kwangu kabla ya kuchota maji. Siku ya Jumamosi humchotea yeye pia mtungi mmoja. Sisemi kwamba hofu imeisha. Basi la kwenda Wajir likisimamishwa njiani, moyo bado hunienda mbio. Lakini siulizi tena kama Mungu anaijua Diff.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Imani nayo ni hivyo.