Leslie Brown

Leslie Hilton Brown (1917 – 1980) alikuwa mtaalamu wa ndege na afisa kilimo mwenye asili ya Uskoti, aliyeishi Kenya kwa zaidi ya miaka thelathini. Anajulikana hasa kwa utafiti wake wa ndege mbua, yaani tai, mwewe, kozi na wenzao wanaowinda wanyama, na kwa safari yake ya hatari kwenye mazalio ya heroe katika Ziwa Natron, Tanzania.

Maisha

Brown alizaliwa Uhindi. Alisoma zoolojia katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, kisha akaajiriwa katika idara ya kilimo ya serikali ya kikoloni. Alianzia Nijeria, na mwaka 1946 akahamishiwa Kenya. Huko alipanda cheo hadi kuwa miongoni mwa wakuu wa idara hiyo, akastaafu mwaka 1963. Utafiti wa ndege haukuwa kazi yake ya mshahara. Aliufanya siku za mapumziko na katika safari za kikazi.

Utafiti wa tai

Alipokuwa afisa kilimo Embu alikuta kilima kimoja ambapo tai wa spishi kadhaa walijenga viota karibu karibu. Waliweza kukaa pamoja kwa sababu kila spishi ina windo lake: mmoja hukamata nyoka, mwingine ndege wadogo, mwingine wanyama wa msituni. Brown alirudi kwenye kilima hicho mwaka hadi mwaka, akiandika habari za kila jozi.

Njia yake ilikuwa kujenga kibanda cha kujificha karibu na kiota na kukaa ndani kwa saa nyingi bila kujitikisa. Wapiga picha wa ndege wa wakati ule walitumia njia hiyohiyo. Kupiga picha ya tai akiwa anawinda kulikuwa kugumu mno, kwa kuwa tendo lenyewe huchukua sekunde chache na hutokea mahali pasipojulikana mapema. Kwenye kiota, kinyume chake, tai hana budi kurudi. Hivyo mengi yanayojulikana kuhusu mawindo yao yalitokana na mifupa na ngozi zilizookotwa chini ya mti.

Tai aliyemshughulisha zaidi ni yule mwenye kishungi kama taji (Stephanoaetus coronatus), anayeua kima, pimbi na paa wadogo. Brown alionyesha kwamba kinda wake, hata baada ya kuruka, huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi tisa hadi kumi na moja. Kwa hiyo nchini Kenya jozi iliyofanikiwa hulea kinda mmoja tu kwa miaka miwili. Jambo hili ni zito: tai mmoja akipigwa risasi kwa kosa la kuiba kuku, pengo lake halizibiki upesi. Tai huyu yupo pia katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, kwenye misitu ya Mlima Rungwe mkoani Mbeya na ya Udzungwa upande wa Iringa.

Ziwa Natron

Mwaka 1954 Brown alitafuta mahali wanapozaa heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo. Alijaribu kuwafikia kwa miguu juu ya tope la Ziwa Natron. Ganda la magadi lilivunjika chini yake, akazama na kujikokota kwa shida kurudi nchi kavu. Magadi yaliingia ndani ya viatu na kumchoma miguu vibaya hata akalazwa hospitalini kwa wiki kadhaa na kupandikizwa ngozi. Alisimulia mkasa huo katika kitabu cha The Mystery of the Flamingos (1959). Natron ndilo zalio kuu la heroe hao katika Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 2001 limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Vitabu

Kitabu chake cha kwanza juu ya tai, Eagles, kilitoka mwaka 1955. Pamoja na Mmarekani Dean Amadon aliandika Eagles, Hawks and Falcons of the World (1968), kazi ya majuzuu mawili, na peke yake African Birds of Prey (1970). Juzuu la kwanza la The Birds of Africa, aliloandika pamoja na Emil Urban na Kenneth Newman, lilichapishwa mwaka 1982, miaka miwili baada ya yeye kufariki.