Wakili Aliyejilipia Ili Atetee Umma

Kila tukutanapo swali la kwanza ni lile lile: fulani siku hizi ni nani, na anapata kiasi gani? Safari hii tumeona tuwaletee, ninyi mliokwisha maliza na ninyi wadogo zetu mlio bado darasani, maisha ya wakili mmoja wa Marekani aliyejua sana kupata fedha, lakini kazi yake kubwa akaifanya bure.

Louis Brandeis alizaliwa tarehe 13 Novemba, 1856, mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky. Wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Prague, waliohamia Marekani baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 kushindwa huko Ulaya. Baba alifanya biashara ya nafaka. Mjomba wake, Lewis Dembitz, alikuwa wakili, na kijana alimpenda hata akalichukua jina la Dembitz liwe jina lake la kati.

Mwaka 1875 aliingia Harvard kusoma sheria. Macho yakamsumbua, ikabidi wenzake wamsomee vitabu naye ahifadhi kichwani. Hata hivyo mwaka 1877 alitoka wa kwanza katika darasa lake, umri wake haujatimia miaka 21. Mwaka 1879 alifungua ofisi Boston pamoja na Samuel Warren, waliyesoma naye. Wateja wakamiminika, akatajirika.

Hapa ndipo penye jambo. Brandeis aliona kwamba wakili aliyelipwa na mtu amefungwa na mtu huyo. Basi katika kesi za umma akakataa ujira. Tena, kwa kuwa wenzake ofisini walikosa mapato kwa saa alizozitumia huko, akawa anailipa ofisi yake mwenyewe thamani ya saa hizo kutoka mfukoni mwake! Wanasheria wenzangu mtakaosoma haya, msicheke.

Chukua habari ya bima. Wafanyakazi wa viwandani wa Massachusetts walikuwa wakitoa vijisenti kila juma kwa wakusanyaji waliopita mlango kwa mlango. Brandeis alikaa na vitabu vya hesabu, akaona kwamba katika miaka 15 iliyoishia 1905 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 61, wakarudishiwa chini ya milioni 22. Hakuishia kulalamika. Alibuni mpango wa kuziruhusu benki za akiba kuuza bima nafuu, akazunguka akihutubia vyama vya wafanyakazi, mpaka bunge la jimbo likapitisha sheria mwaka 1907.

Mwaka 1908 alitetea mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani sheria ya Oregon iliyokataza wanawake kufanyishwa kazi zaidi ya saa kumi kwa siku katika viwanda na madobi. Shemeji yake, Josephine Goldmark, alimkusanyia ripoti za madaktari na wakaguzi wa viwanda. Hati aliyoipeleka ilikuwa na kurasa zaidi ya mia moja, na hoja za sheria zilichukua kama kurasa mbili tu. Zilizobaki zilieleza hali halisi ya watu. Akashinda. Ni kweli hoja yake iliwafanya wanawake waonekane dhaifu, na baadaye wengi wameilaumu kwa hilo, nadhani kwa haki. Lakini tangu siku ile mawakili walijifunza kuleta maisha ya makabwela mahakamani.

Adui hawakukosekana. Rais Wilson alipomteua kuwa jaji wa mahakama hiyo, Januari 1916, wakubwa walikuja juu. Rais wa zamani Taft alipinga. Mkuu wa Harvard, chuo chake mwenyewe, naye akatia sahihi kumpinga. Wengine hawakupenda Myahudi aketi pale, kwani hakuwahi kuwako hata mmoja. Mabishano yalichukua miezi minne, ndipo Baraza la Seneti likampitisha kwa kura 47 dhidi ya 22.

Alikaa katika kiti hicho hadi 1939. Nyumbani aliishi maisha ya kubana matumizi, ingawa alikuwa na mamilioni. Alifariki tarehe 5 Oktoba, 1941, mjini Washington. Majivu yake yalizikwa chini ya baraza ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Louisville, mji aliozaliwa, ambako tayari alikuwa ametoa vitabu na karatasi zake. Mkewe Alice amezikwa hapo hapo, na wanafunzi hupita juu yao wakienda darasani.