George Lilanga, mlinzi wa usiku aliyechora hadi mwisho



Katika kila parokia wapo waamini wenye karama ya mikono na ya sauti: watunzi wa nyimbo za kwaya, wachongaji, wafumaji wa vitambaa vya altare, wachoraji. Na karibu kila mmoja wao ameionja siku ya ukame. Jana mkono ulikwenda wenyewe, leo karatasi iko mezani na hakuna kinachokuja. Ukame ukidumu miezi, mtu huanza kuamini kwamba Mungu ameichukua karama yake. Anakusanya vifaa, anavifunga kwenye boksi na kuvisukuma uvunguni mwa kitanda. Katika mfano wa talanta (Mt 25), mtumishi wa tatu alifukia alichopewa kwa sababu ya woga. Wengine wetu tunafukia kwa sababu ya kuchoka.

Dominika hii ninawaalika tutafakari maisha ya Mtanzania mmoja ambaye hakufukia. Jina lake ni George Lilanga. Alifariki miaka mingi iliyopita, na picha zake zimehifadhiwa katika makusanyo makubwa ya Ulaya, Marekani na Japani, lakini huku kwetu Songwe wengi hawamfahamu.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa nchi yetu, katika eneo la Masasi, kwa wazazi Wamakonde. Katika kabila lile kuchonga kulikuwa sehemu ya malezi. Kama watoto wengi wa Kimakonde, aliuzoesha mkono kwenye muhogo mbichi, ambao ni laini na hauna hasara ukiharibika. Kisha akapanda kwenye miti myepesi, na mwishowe mpingo, mti mgumu unaomlazimisha fundi kuwa na subira. Hakuna chuo cha sanaa alichosoma.

Ni vizuri tujue kidogo uchongaji wa Kimakonde wa miaka ile. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950, jijini Dar es Salaam, mchongaji mmoja aitwaye Samaki Likankoa alivunja sehemu ya kinyago alichokuwa amekichonga kwa siku nyingi. Badala ya kukitupa, alikilainisha pale kilipovunjika, akafuata umbo jipya lililojitokeza, akakipeleka kwa mfanyabiashara wa vinyago, Mohamed Peera. Kilipendwa. Toka hapo ukazaliwa mtindo ambao mchongaji haigi sura ya mtu wala mnyama. Anaufuata mti ulivyopinda, na umbo linatoka ndani mwake hatua kwa hatua. Anayekisoma kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 18, atakumbuka mfinyanzi ambaye chombo kiliharibika mikononi mwake, naye akaufinyanga udongo uleule kuwa chombo kingine. Lilanga alikulia katika ukoo huo wa mafundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, umri wake ukikaribia miaka 40, alihamia Dar es Salaam. Ni miaka ileile ambayo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa kutoka pwani hadi kupita hapa Tunduma na kuingia Zambia. Jijini alikuwepo ndugu yake, mchongaji Augustino Malaba, aliyemsaidia kupata kazi. Lakini kazi yenyewe haikuwa ya sanaa. Ilikuwa kazi ya mlinzi wa usiku.

Aliajiriwa kulinda Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Sista huyu aliona kwamba vijana wengi wa jijini, wakiwemo wenye ulemavu, walikuwa na vipaji lakini hawakuwa na mahali pa kufanyia kazi wala pa kuuzia. Ndiye yuleyule ambaye miaka ya 1990 alianzisha kituo cha Dogodogo kwa ajili ya watoto wa mitaani. Basi Lilanga akawa mtu wa kukesha getini mwa nyumba ambayo ndani yake wenzake walikuwa wakifanya kile alichokipenda yeye.

Ndugu zangu, hapa ndipo wengi tungekata tamaa. Mtu mzima wa karibu miaka 40, fundi wa mpingo, analipwa kwa kulinda mlango! Yeye aliendelea na kazi za mikono yake, hadi kazi hizo zikaonekana na Sista, na karibu mwaka 1974 akapokewa ndani kama msanii. Ulinzi ulikuwa ajira yake na uchongaji ulikuwa wito wake, naye hakuuacha mmoja uumeze mwingine. Wale kati yenu mnaosukuma toroli mpakani, mnaoshusha mizigo ya malori au mnaouza mitumba huku moyoni mna karama nyingine, liangalieni jambo hili kwa makini.

Ndani ya Nyumba ya Sanaa alifanya kitu ambacho nadhani ndicho kilichomwokoa na ukame. Hakung'ang'ania kifaa kimoja. Alitoka kwenye mti akajifunza batiki. Akachora juu ya ngozi za mbuzi. Akajifunza kuchora kwenye bamba la metali na kupiga chapa karatasini. Akakata vyuma kuwa maumbo ya kuchezacheza kwa ajili ya mageti na vizuizi vya kituo kile. Kisha akaingia kwenye rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya hadibodi, aina ya rangi na ubao ambavyo Edward Saidi Tingatinga alikuwa amevitumia kuanzia mwaka 1968. Kila mara alirudi kuwa mwanafunzi. Mkono uliochoka kwa mpingo ulipata nguvu mpya kwenye nta ya batiki, na macho yaliyozoea weusi wa mpingo yakafunguka kwa rangi ya waridi, manjano na bluu.

Picha zake zikoje? Ubao wote umejaa, kona hadi kona. Miili imenyooshwa na kupindwa, masikio makubwa, midomo mipana, matumbo ya mviringo, vidole vichache, na nyuma yao madoa na mistari isiyo na mwisho. Hakuna mtu aliyesimama mbele yake ili achorwe. Viumbe hao walitoka ndani yake kama vile nyimbo zinavyomtoka mama anayetwanga. Lakini majina ya picha mara nyingi ni sentensi ndefu za Kiswahili kuhusu maisha ya kila siku: watu wanaosalimiana, wanaoshauriana nyumbani, wanaompeleka mgonjwa hospitali.

Sasa, najua baadhi yenu mtashtuka mkisikia kwamba viumbe hao katika sanaa ya Kimakonde huitwa mashetani. Mkristo ana haki ya kuuliza. Shetani tunayemkataa katika ahadi zetu za Ubatizo ni adui wa Mungu na wa wokovu wetu, na hatuna mchezo naye. Katika masimulizi ya Kimakonde neno hili lilitumika kwa viumbe vya porini, wenye utani, wenye kulia na kucheka, wanaomkwaza mtu njiani. Lilanga aliwatumia kutuchora sisi wenyewe, majirani na ugomvi wetu na upendo wetu. Kanisa linatukataza kuwatafuta mizimu na waganga. Halijatukataza kucheka tukijiona katika picha. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani alikuwa mwigizaji na mwandishi wa tamthilia, aliwaandikia wasanii barua maalumu wakati wa Pasaka ya mwaka 1999, akiuheshimu wito wao kama njia ya kushiriki kazi ya Muumba.

Wengine shaka yao ni nyingine: picha isiyofanana na kitu ina maana gani? Twende Mbozi, kwenye kilima cha Marengi. Pale kuna kimondo, bonge la chuma la tani zipatazo 16 lililotoka angani. Halina sura ya mtu, wala ng'ombe, wala nyumba. Hata hivyo watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama, huligusa, na wengi hunyamaza kwa heshima. Sijasikia mtu akilalamika kwamba halifanani na kitu. Akina mama wa WAWATA nao huchagua kitenge kwa mistari na madoa yake, bila kudai kila doa lieleze ni la nini. Mungu ametupa macho yanayofurahia umbo na rangi kabla akili haijapata jina la kuzipa.

Mwaka 1978 kazi nyingi za Lilanga zilionyeshwa Washington, Marekani, na jina lake likaanza kuvuka bahari. Wanunuzi waliongezeka. Sifa ni neema, lakini ina mtego wake: mnunuzi hutaka kilekile alichokipenda jana, na fundi hujaribiwa kujirudia hadi moyo unatoka katika kazi. Kwa hiyo kupanda nako kunaweza kumkausha mtu kama vile kushuka. Yeye alizungukwa na vijana, wengine wa ukoo wake, ambao aliwafundisha huku wakimsaidia kazi. Karama aliyoigawa haikupungua.

Kisha ukaja msalaba mzito. Lilanga aliugua kisukari, na ugonjwa ule ukamnyang'anya miguu. Fikiria mtu aliyezoea kusimama juu ya gogo la mpingo na kuinama juu ya ubao mpana. Angeweza kustaafu kwa heshima, na nani angemlaumu? Lakini aliendelea kuchora akiwa ameketi, akisaidiwa na vijana wake, na viumbe wake waliendelea kucheza kwa miguu ambayo yeye hakuwa nayo. Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005.

Maisha haya yanatufundisha nini sisi wa Songwe? Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanaijua siri hii kuliko wasomi. Mbuni ukizaa sana mwaka huu, mara nyingi mwaka unaofuata huzaa kidogo. Mkulima mwenye busara haung'oi. Anaupogoa, anaupalilia, anautilia mbolea katika mwaka ule wa hasara, kwa sababu anajua mti umechoka na haujafa. Fanya hivyohivyo na karama yako. Weka saa ya kazi, hata nusu saa kwa siku, na uitunze kama unavyoitunza sala ya jioni. Anayesali kila siku anajua kwamba zipo siku za sala tamu na siku ambazo maneno ni makavu kama makapi, na kwamba siku kavu zinahesabika mbele za Mungu. Kifaa kimoja kikikuchosha, jifunze kingine. Usidharau kazi ndogo. Nguvu zikipungua, kubali kusaidiwa. Na Dominika pumzika, maana hata Muumba alipumzika siku ya saba.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Tunduma kuna vijana wanaoandika mabango ya maduka na kupamba malori kwa rangi, na nyumbani wanaambiwa watafute kazi ya maana. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu alimjaza Bezaleli roho yake ili awe fundi wa dhahabu, wa mawe na wa mbao. Kazi ya mikono ilitajwa pale kama tunda la Roho. Nasi viongozi wa parokia tujiulize: katika maeneo yetu, nani anawafungulia walinzi wa usiku mlango wa ndani, kama Sista yule alivyofanya?

Kama una boksi uvunguni mwa kitanda, livute leo baada ya Misa. Rangi zikiwa zimekauka, nunua kopo moja. Usisubiri kujisikia vizuri. Chora mstari mmoja, na kesho urudi.

Tuombe. Ee Mungu Muumba wetu, uliyetupa mikono kabla hatujajua kuitumia, utujalie uaminifu katika siku za mavuno na katika siku za ukame. Uwaimarishe wasanii wagonjwa, wazee na waliokata tamaa. Umpumzishe kwa amani mtumishi wako George na mafundi wote waliotutangulia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Dominika njema.